Jumanne Isiyokwisha Kitulo

Asubuhi ya Jumanne ya ishirini na tatu, Zamda hakuja kunywa chai. Tusajigwe alijua pa kumpata. Alijitanda shali, akapita nyuma ya mabweni ya kituo cha utafiti, akateremka kwenye nyasi zilizolowa umande uleule aliokwisha kuukanyaga mara ishirini na mbili, hadi kwenye ukingo.

Kwa mbali hukuweza kuuona ukingo. Ungedhani nyasi zinaendelea tu mpaka milimani. Ni pale ulipobakiza hatua mbili tatu ndipo uso ulipoanza kusisimka, na mkono ukiunyoosha ukagota kwenye kitu baridi kisicho na rangi, kama ngozi ya ngoma iliyolowa maji. Mtu aliyetaka kuona ya upande wa pili ilimbidi aegemeze paji la uso hapo na kuvumilia baridi.

Zamda alikuwa amepiga magoti, paji lake limegusa ukingo.

"Njoo uone," alisema bila kugeuka.

Tusajigwe akapiga magoti kando yake, akaegemea.

Huko nje jua lilichomoza, likakata anga, likazama, yote kwa muda wa dakika moja. Dakika iliyofuata ilikuwa giza, na nyota zikateleza zote pamoja kama mchanga unaomwagwa kutoka kwenye ungo. Kisha jua tena. Ulikuwa msimu wa maua, na uwanda wote wa Kitulo, mpaka macho yanapokoma, ulikuwa ukifumbuka na kufumba: zambarau, manjano, meupe, fumba, fumbua, kana kwamba nchi nzima inapumua. Mvua zilipita mbio kama kundi la kondoo. Ukungu uliingia bondeni na kutoka kabla hujamaliza kuutazama. Hata baada ya siku ishirini na mbili, Tusajigwe alikuwa hajazoea kuona hivyo. Alikuwa amesoma fizikia miaka minne chuoni, na hapakuwa na kitabu hata kimoja kilichomwambia kwamba mwaka, ukiutazama wote kwa pamoja, unafanana na kitu kilicho hai.

Watu hawakuonekana. Kwa kasi ile, mtu akipita alikuwa hata si kivuli. Kilichoonekana ni kile tu kilichokaa mahali pamoja kwa wiki au miezi. Kwa hiyo ubao ulionekana.

Ulikuwa ubao mkubwa wa chuma, umesimikwa hatua kumi kutoka ukingoni. Mama yake Zamda ndiye aliyeuweka, Jumanne ya pili, ambayo huko nje ilikuwa mwaka wa pili. Kila mwaka alibandika picha mpya ya Sudi, mtoto ambaye Zamda alimwacha Mbeya akiwa na miezi saba ili aje kufanya mafunzo ya wiki mbili. Zamda alimwona mwanawe akikaa, akisimama, akivaa sare ya shule, akiota ndevu. Picha moja kwa siku.

Leo hapakuwa na picha. Palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, ya mkono mzito:

MAMA, BIBI ALITUTOKA MWEZI WA TISA. SASA NAANDIKA MWENYEWE. NIPO HAPA. SUDI.

Tusajigwe aliyasoma, na jua likapita mara tatu juu ya maneno yale.

"Pole, Zamda."

"Ana miaka ishirini na tatu sasa," Zamda alisema. "Mimi nina ishirini na miwili." Akajitoa ukingoni. Paji lake lilikuwa jeupe kwa baridi. "Sikukulaumu ulipomchagua mama yake Lwitiko. Mama ni mama. Lakini na wangu amekufa, sikumwosha, sikumlilia, sikujua hata siku yenyewe. Leo vuta na mimi, Tusa. Au niambie kwa mdomo wako kwamba hutavuta kabisa, nikae nikijua."

* * *

Mtambo wa Kitulo ulijengwa ili kuuzuia muda kwa sekunde moja, kama mkulima anavyoziba mfereji kwa jembe, atazame maji yanajaaje, kisha auachie. Siku ulipowashwa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mfereji haukuachia. Muda ulijaa ndani ya duara la nusu kilomita, ukafika saa moja na robo jioni, ukarudi mwanzo. Walitaka sekunde, wakapata saa kumi na tatu zinazozunguka. Na nje maji yaliendelea na safari yake: kila mzunguko mmoja wa ndani, mwaka mzima wa nje.

Watu kumi na watano walikuwa ndani ya duara. Kumi na wawili waliamka kila asubuhi wakidhani ni mara ya kwanza. Watatu hawakusahau, kwa sababu mtambo ulipowashwa walikuwa ndani ya shimo lake wakishikilia vihisio, vyombo vyake vya kupimia, kwa mikono, na mtambo uliwahesabu kama sehemu ya vyuma vyake. Walikuwa Tusajigwe, Zamda na Lwitiko, wanagenzi wote watatu. Siku za mwanzo walimweleza mkuu wa kituo, Dakta Mbilinyi. Ilimchukua mpaka mchana kuamini, na akishaamini alisema, "Nipeni hadi jioni nipige hesabu." Jioni ilipofika alisahau hesabu pamoja na swali lake.

Jumanne ya tisa, Zamda aligundua vishikio viwili vya dharura shimoni, kila kimoja ukuta wake. Vikivutwa pamoja, na watu wawili ambao mtambo unawatambua, muda ungeachiwa. Siku hiyohiyo wangekuwa huru.

Lakini kila siku, saa kumi na dakika tano alasiri, Bi Atuganile, mpishi wa kituo na mama yake Lwitiko, alipasuka mshipa kichwani akafa. Na kila asubuhi alikuwa jikoni anachochea kuni.

Zamda alitaka kuvuta. Lwitiko alikataa. Wa tatu alikuwa Tusajigwe, na Tusajigwe alisema, "Tumpe Lwitiko muda kidogo atafute dawa." Ule muda kidogo ulikuwa umefika miaka kumi na minne ya Sudi.

Sasa Tusajigwe alizishuka ngazi thelathini za shimo. Hewa ya chini ilinukia chuma kilichopata moto, na sumaku kubwa zilivuma kwa sauti ambayo mtu aliisikia zaidi kwenye meno kuliko masikioni. Lwitiko alikuwa ameketi sakafuni, mbele yake kompyuta ya kituo, anasoma habari za mishipa ya damu.

"Kuna kitu sijajaribu," alisema mara alipomwona. "Nikimlaza tangu asubuhi, kichwa kikiwa juu, nikampa vidonge vya presha vya Dakta nusu nusu…"

"Ulifanya hivyo Jumanne ya kumi na tatu."

"Nilimpa kimoja kizima."

"Lwitiko. Yeye mwenyewe anasemaje?"

Lwitiko alifunga kompyuta taratibu. "Hajui."

"Kwa nini hajui?"

"Wewe ungependa kuambiwa, saa mbili asubuhi, kwamba saa kumi unakufa?"

Tusajigwe alilifikiria swali hilo kwa dhati, kwa sababu halikuwa la kijinga. "Sijui," alisema. "Ila nisingependa watu wengine waamue mambo yangu wakinificha. Nakwenda kumwambia."

Lwitiko akasimama kwa haraka, akamshika mkono. Alikuwa kijana mwenye nguvu, na kwa kitambo Tusajigwe aliogopa. Kisha vidole vikalegea.

"Kesho atakuwa amesahau," alisema Lwitiko.

"Ndiyo maana imekuwa rahisi kutomwambia."

* * *

Bi Atuganile alikuwa anamenya viazi juu ya kigoda, karibu na moto. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mnene kiasi, mjane, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sura hiyo? Chai ipo, chukua kikombe."

Tusajigwe akachukua kigoda kingine. "Mama, nitakueleza jambo, na utaona nimerukwa na akili. Kwa hiyo nianze na madogo. Sasa hivi Dakta Mbilinyi atapita hapo dirishani aulize kama maziwa ya mgando yamebaki. Utamwambia paka ameyamaliza, naye atasema paka huyo apewe cheo. Akishaondoka, kifuniko cha sufuria kile kitaanguka."

Bi Atuganile alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. Ndipo Dakta Mbilinyi akachungulia dirishani akauliza habari za maziwa ya mgando.

Bi Atuganile hakujibu. Dakta akangoja, akashangaa, akaenda zake. Kifuniko kikaanguka, kikazunguka sakafuni, kikatulia.

"Sema," alisema Bi Atuganile.

Tusajigwe akasema yote, tangu mtambo mpaka saa kumi na dakika tano. Hakuharakisha wala hakupamba. Kisu cha viazi kilikuwa kimesimama mkononi mwa mama yule muda wote.

"Nitaumia?"

"Hapana, mama. Unasema 'Lwitiko, kichwa,' halafu unakaa chini."

"Nani ananishika?"

"Lwitiko."

"Kila siku?"

"Hajakosa hata moja."

Bi Atuganile akaweka kisu chini, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga. Kisha akasema, "Mimi nakufa mara moja tu, nalala. Mwanangu amefiwa mara ishirini na mbili."

Mlango ulilia. Lwitiko alikuwa amesimama kizingitini, na ilionekana alikuwa amesimama hapo kitambo. Mama yake alimtazama usoni kwa namna anavyotazama mama asiyehitaji kuelezwa.

"Wewe ulishaniambia haya," alisema. "Uso wako si wa mtu anayeogopa nitakavyojibu. Ni wa mtu anayejua. Nilikujibu nini?"

Lwitiko aliegemea mwimo wa mlango.

"Lwitiko. Nilikujibu nini?"

"Jumanne ya kumi na moja ulisema tufungue," alisema hatimaye, macho yake sakafuni. "Ya kumi na tano ukasema tufungue. Ya kumi na nane nilikueleza kwa namna nyingine, nikasema labda dawa ipo karibu. Ulisema nisubiri siku moja. Nikashika hiyo." Akafuta pua kwa mkono. "Jana ulisema tufungue."

 Miaka ile yote Tusajigwe alidhani wanamsubiri mtu ambaye hajaulizwa. Alitaka kupiga kelele. Lakini Bi Atuganile alikuwa tayari ameinuka, amemkumbatia mwanawe, kichwa cha kijana yule mrefu kimeinama begani kwake.

"Mjinga wangu," alisema. "Mjinga wangu mimi. Ile siku niliyosema usubiri, nilikuwa nakuonea huruma wewe." Akamwachia. "Na hawa wengine? Dakta ana mke huko Iringa. Mlinzi ana mapacha. Nani kawauliza wao? Nipelekeni huko ukingoni kwanza. Nataka kuona."

* * *

Walikwenda watatu, wakamkuta Zamda palepale. Bi Atuganile alimsalimu, akampa pole ya msiba, akapiga magoti kwa taabu, akaegemeza paji lake.

Alikaa hivyo muda mrefu. Majuma yalipita usoni pake, mwanga na giza, mwanga na giza. Tusajigwe hakutazama nje. Alimtazama yeye, jinsi midomo yake ilivyofunguka, jinsi mikono iliyokuwa imekunjwa kifuani ilivyoshuka yenyewe mapajani, viganja juu.

"Jamani," alinong'ona. "Kumbe kazi hii inaendelea hivi."

"Kazi gani, mama?" Lwitiko aliuliza.

"Hii. Maua yanakufa yote, umeona? Yote. Halafu tazama." Akaonyesha kwa kidole. "Mimi nilidhani ni mengi sana yanayokufa. Sikujua ni mengi hivi yanayorudi."

Akainuka, akapangusa magoti.

"Nina saa ngapi?"

Lwitiko alitazama saa yake ya mkononi. "Ni saa tano kasoro robo."

"Basi nina saa tano. Sitaki kuzimalizia kwenye viazi. Nataka kuvuka." Akamgeukia mwanawe. "Sikulazimishi. Tusajigwe na mwenzake wanatosha kuvuta. Wewe unaweza kukaa hapa na mimi ukachukia."

Lwitiko alisimama akitazama ule uwanda wake wa Jumanne, nyasi zisizoinama kwa upepo wowote mpya. Kisha akasema, "Nitavuta mimi. Aliyekataa kufungua ni mimi." Akamtazama Zamda usoni, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Twende, dada."

Tusajigwe alibaki ukingoni na Bi Atuganile. Walishikana mikono wakasikia hatua za wale wawili zikipotea kuelekea shimoni.  Kwa mbali mvumo wa sumaku ulipanda, ukapanda zaidi, kisha ukakatika, na Tusajigwe akatambua kwamba tangu siku ile ya kwanza hakuwahi kusikia ukimya.

Masikio yao yakaziba, yakazibuka. Ukingo haukupasuka. Ulilainika, kama barafu iliyosahauliwa juani, na upepo ukaingia. Ulikuwa upepo wenye harufu ya matope, ya moshi, ya maua yaliyoiva kupita kiasi, upepo wa mahali ambapo mambo yametokea. Juu yao anga la Jumanne lilianza kujikunja kutoka pembeni kama mkeka, na chini yake likatokea anga jingine, lenye mawingu mapya. Jua lilisogea kutoka mahali lilipokuwa likakaa mahali pengine. Vivuli vya kila kitu, vya mabweni, vya nguzo, vya wanawake wawili, viligeuka pamoja juu ya nyasi. Bi Atuganile alicheka, kile kicheko chake cha tumboni, huku machozi yakimtiririka. 

Nyuma ya ubao wa chuma, uliokuwa umepaziba muda wote, palikuwa na mahema na nyumba ya mabati. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama kama sanamu. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye koti la mvua, alikuwa ameshika birika, na chai ilikuwa inamwagika taratibu juu ya kiatu chake.

Zamda alitokea mbio kutoka shimoni. Alipita kando yao bila kuwaona. Alifika kwenye ubao, akasimama, hatua tatu kutoka kwa yule kijana. Kijana akaweka birika chini. Alikuwa amempita kimo kwa kichwa kizima, na macho yake yalikuwa na mikunjo midogo ya jua ambayo Zamda hakuwa nayo.

Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Zamda, aliyekuwa mdogo kwake kwa mwaka mmoja, alimaliza zile hatua tatu, akaweka kiganja juu ya kichwa kile kilichoinama.

"Marahaba, mwanangu."

* * *

Katika kambi ile alikuwapo daktari, mwanamke kijana aliyekuwa mtoto mdogo mtambo ulipowashwa. Alimpima Bi Atuganile kwa kifaa kidogo alichokipitisha juu ya kichwa chake, akakirudia, kisha akamwita Lwitiko pembeni.

"Mshipa umekuwa ukivuja tangu alfajiri ya siku yenu," alisema. "Angenifikia jana yake, ningemponya. Sasa saa yake naweza kuisukuma mbele kidogo. Kuiondoa siwezi."

Alidunga sindano. Bi Atuganile aliketi kwenye kiti cha turubai, nje, ametazama uwanda, na watu wakaja kumsalimu mmoja mmoja. Alimuuliza Sudi ni nani aliyempikia utotoni. Alimwambia Dakta Mbilinyi, aliyekuwa akizunguka akiwa ameduwaa, apige simu nyumbani kabla ya kupiga hesabu. Alishika mkono wa Lwitiko.

Saa ya mkononi ya Lwitiko ilifika saa kumi na dakika tano. Tusajigwe alimwona akiacha kupumua. Ikafika saa kumi na dakika sita, na mama yake alikuwa anaeleza jinsi mkaa wa mti fulani unavyoharibu chai. Lwitiko alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha aliyoisahau. Maneno yale hakuwahi kuyasikia. Kila Jumanne yalikuwa yamekatwa kabla ya kufika.

Alifariki saa kumi na moja na nusu kwa saa ya mwanawe. Alikuwa amelala usingizi kidogo, na hakuamka.

Walimzika kesho yake kijijini kwao, bonde la pili kutoka kituoni. Kwa kalenda ya huko nje ilikuwa Ijumaa. Walikuja watu wengi, wengine wazee ambao Lwitiko aliwaacha vijana. Mpwa wake, ambaye Lwitiko alikuwa akimbeba mgongoni, sasa alikuwa na watoto wawili. Wanawake walipika, wanaume walichimba. Mikeka ilitandikwa uani.

Lwitiko aliketi akipokea mikono ya watu bila kuelewa. Ndipo bibi mmoja aliyepinda mgongo akamsogelea, akamshika mabega, akasema, "Pole sana, mwanangu. Pole kwa msiba."

Mara ishirini na mbili alikuwa amemshika mama yake akikata roho, na hakuna mtu nje ya wale wenzake wawili aliyejua kwamba amefiwa. Kijana yule alijaribu kujibu kama inavyojibiwa, asante, nimeshapoa. Hakuweza. Alilia kwa sauti, na uani pote watu wakanyamaza wakamwacha alie.

Tusajigwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua akae wapi. Alimwona Zamda kwenye mkeka wa pembeni, Sudi kando yake, wote wawili wakinyamaza kwa namna moja, kidevu kikiwa juu kidogo. Akaenda akasimama mbele yao.

"Zamda. Ile miaka kumi na minne. Nilikunyang'anya mimi."

"Najua," alisema Zamda.

Alimtazama kwa muda, wala hakusema kwamba si kitu. Kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi mkekani, na Tusajigwe akaketi.